Kinachoongezeka Kati ya k na k + 1

Katika daftari la mwanafunzi mmoja wa Buyenzi, hapa Bujumbura, anayekuja kwangu jioni kujiandaa na mtihani, nilikuta mistari hii mitatu: “Tuchukulie kwamba 7ᵏ − 1 inagawanyika kwa 6. Kwa hiyo 7ᵏ⁺¹ − 1 inagawanyika kwa 6. Imethibitika.” Chini yake alikuwa amechora kisanduku cheusi, alama ya mtu aliyemaliza kazi. Nilisoma mara mbili nikitafuta kosa la hesabu, sikuliona. Kila alichoandika ni kweli, ila uthibitisho haumo. Kati ya mstari wa kwanza na wa pili palipaswa kuwa na kazi, na kazi hiyo ndiyo hesabu yenyewe. Yeye ameivuka kwa neno “kwa hiyo”.

Nimelikuta “kwa hiyo” hilo katika madaftari mengi mno, siwezi tena kuliita uvivu wa mtoto mmoja. Linatokana na namna tunavyofundisha. Hapa Bujumbura njia hii inafika darasani kwa Kifaransa, na wanafunzi wanaiita rekurensi. Kwa wenzetu wa Tanzania wanaochukua hisabati ya juu katika kidato cha tano na cha sita inaitwa induksheni. Jina lolote utakalolitumia, mtoto hupewa hatua tatu za kukariri: angalia mwanzo, chukulia kwa k, hitimisha kwa k + 1. Akizipanga kwa utaratibu huo anapata alama kadhaa hata kama katikati hakuna kitu. Kwa hiyo anajifunza kupanga. Mimi naona kwamba katika maswali ya ugawanyikaji uzito wote uko kwenye swali moja ambalo hatua hizo tatu hazilitaji: tukitoka k kwenda k + 1, kimeongezeka nini?

Tuanze na neno lenyewe. Kusema namba inagawanyika kwa 6 ni kusema inaweza kupangwa mafungu ya sita sita pasibaki kitu. Mama anayeuza maembe kando ya barabara analijua jambo hili kwa mikono yake. Jana kapu lake lilitoka mafungu kamili. Leo asubuhi ameletewa maembe mengine, akayamwaga juu ya yale ya jana, ambayo hakuuza hata moja. Je, kapu zima litatoka mafungu kamili? Hana haja ya kuhesabu kapu zima. Anahesabu yaliyoongezwa tu. Yakiwa ni mafungu ya sita sita, kapu zima liko sawa, kwa sababu yale ya chini alishayajua jana. Yakiwa na moja la ziada, atabaki na moja la ziada.

Sasa rudi kwenye 7ⁿ − 1. Andika thamani zake kuanzia n = 0: 0, 6, 48, 342, 2400, 16806. Watu wengi huishia hapa, wanagawa kila moja kwa 6, wanafurahi. Mimi humwambia mwanafunzi aziache namba hizo kwanza, aangalie mapengo kati yake: 6, 42, 294, 2058, 14406. Mapengo hayo ni 6 × 1, 6 × 7, 6 × 49, 6 × 343, 6 × 2401. Hapo ndipo macho yanapofunguka. Kila pengo ni sita mara kipeo cha saba. Kapu la leo ni kapu la jana pamoja na mafungu 7ᵏ ya sita sita. Kwa maandishi ya hisabati:

7ᵏ⁺¹ − 1 = (7ᵏ − 1) + 6 × 7ᵏ

Huo ndio mstari uliokosekana kwenye daftari. Mabano ya kulia ni kapu la jana, tulishachukulia kwamba limetoka kamili. Kilichobaki kina 6 waziwazi. Ukiuandika mstari huu, “kwa hiyo” lako lina pa kusimama. Ukiukosa, umesema tu kwamba leo ni sawa kwa sababu jana ilikuwa sawa, na hakuna mwenye duka atakayekubali hesabu ya namna hiyo.

Kuna pingamizi ambalo wanafunzi makini hulileta, na walimu wengi hulizima haraka. Wanauliza: “Mwalimu, si umeshachukulia kile kile unachotaka kukithibitisha?” Swali hili ni zuri kuliko maswali yote yanayoulizwa juu ya rekurensi, na anayeliuliza ameshaanza kuelewa. Tatizo liko kwenye lugha. Kifaransa kinamwambia “supposons que”, yeye anatafsiri kichwani kama “tukubali kwamba”, kisha anajiona amedanganywa, maana akishakubali, kuna haja gani ya kuthibitisha?

Humjibu kwa mitaa ya Buyenzi. Mitaa yetu haina majina ya watu, inaitwa kwa namba: avenyu ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kuendelea. Tuseme watu wa Buyenzi wamewekeana ahadi: kila avenyu ikipata habari ya msiba, itaipeleka avenyu inayofuata. Ahadi hiyo inaweza kuwa ya kweli hata siku ambayo hakuna msiba wowote. Haisemi kwamba avenyu ya nane imepata habari. Inasema ikiwa ya nane imepata, basi ya tisa itapata. Ninaposema “tuchukulie kwamba 7ᵏ − 1 inagawanyika kwa 6”, sisemi inagawanyika. Najaribu ile ahadi: najiweka kwenye avenyu yoyote ile, nauliza kama habari ikifika hapa, je, ina njia ya kwenda mbele? Kinachothibitishwa katika hatua hiyo ni “ikiwa… basi”, si zaidi. Ndiyo maana katika Kiswahili napendelea kusema “ikiwa” kuliko “tuchukulie”, kwani “ikiwa” inamwacha mtu na mlango wazi. Nao wenye Kirundi husema “reka tuvuge ko”, yaani tuseme kwamba, na humo pia ule wasiwasi unapungua.

Halafu lazima mtu apige hodi avenyu ya kwanza.

Hatua ya mwanzo ndiyo inayodharauliwa kuliko zote. Mwanafunzi huiandika kwa haraka, “kwa n = 1 ni kweli”, bila kukokotoa, kwa sababu kila mara alipoikokotoa ilikuwa kweli. Kwa hiyo kila mwaka nawapa swali hili: thibitisha kwamba 10ⁿ + 1 inagawanyika kwa 9. Wanaanza na hatua ya kuvuka, kwa kuwa ndiyo ngumu. Wanatafuta kinachoongezeka, wanakipata vizuri kabisa: 10ᵏ⁺¹ + 1 = (10ᵏ + 1) + 9 × 10ᵏ. Kilichoongezeka ni mafungu ya tisa tisa. Ikiwa 10ᵏ + 1 inagawanyika kwa 9, basi inayofuata nayo inagawanyika. Ahadi ni ya kweli, avenyu kwa avenyu, bila dosari. Wanachora kisanduku chao cheusi. Kisha nawaomba waniandikie namba zenyewe: 2, 11, 101, 1001. Hakuna hata moja inayogawanyika kwa 9, na haitatokea. Ahadi ilikuwa nzuri, ila hakuna aliyewahi kupata habari.

Siwapi swali hilo ili kuwanasa. Nawapa kwa sababu linafundisha jambo ambalo kitabu hakilisemi. Ukigawa 2, 11, 101 na 1001 kwa 9, baki ni 2 kila mara. Ukiongeza mafungu kamili ya tisa juu ya kapu, baki halibadiliki. Hatua ya kuvuka basi inafanya kazi kubwa kuliko tulivyodhani: inabeba baki lolote lililokuwapo mwanzo na kulifikisha mbele bila kulipunguza wala kuliongeza. Mwanzo ndio unaoamua ni baki gani linabebwa. Weka 10ⁿ − 1 badala ya 10ⁿ + 1. Kinachoongezeka ni kile kile, 9 × 10ᵏ, lakini mwanzo ni 0, na hivyo 9, 99, 999, 9999 zote zinagawanyika kwa 9. Semi mbili, hatua moja ya kuvuka, majibu mawili tofauti, na tofauti yote imetoka kwenye ile hatua inayoandikwa kwa haraka.

Wakati mwingine mwanzo mmoja hautoshi. Chukua noti za faranga 2000 na 5000 peke yake, bila chenji nyingine yoyote. Ni kiasi gani cha maelfu kamili unaweza kulipa? Elfu moja huwezi, elfu tatu huwezi. Kuanzia elfu nne unaweza kulipa kila kiasi. Uthibitisho: elfu nne ni noti mbili za 2000, na elfu tano ni noti moja ya 5000. Kisha, ikiwa unaweza kulipa kiasi fulani, unaweza kulipa pia kiasi kilichozidi kwa elfu mbili, kwa kutoa noti moja ya 2000 zaidi. Kutoka nne unafika sita, nane, kumi. Kutoka tano unafika saba, tisa, kumi na moja. Habari hapa inaruka avenyu moja, na ndiyo maana unahitaji wapiga hodi wawili. Mwanafunzi aliyekariri kwamba mwanzo ni n = 1 tu atakwama. Aliyeuliza “naongeza nini, na naruka kiasi gani?” atajua mwenyewe anahitaji mianzo mingapi.

Sasa niingie mahali ninapopapenda zaidi, ambapo swali la kinachoongezeka halithibitishi tu, linaeleza pia sababu. Jaribu n³ − n: 0, 6, 24, 60, 120. Zote zinagawanyika kwa 3. Jaribu n⁵ − n: 0, 30, 240, 1020. Zote zinagawanyika kwa 5. Jaribu n⁷ − n, utaona zote zinagawanyika kwa 7. Mtu yeyote mwenye akili timamu angesema sheria ni ya namba witiri zote, na kwamba n⁹ − n itagawanyika kwa 9. Weka n = 2. Unapata 512 − 2 = 510, na 510 ukiigawa kwa 9 inabaki 6. Sheria imekufa kwenye jaribio la kwanza lenye maana.

Mwalimu anaweza kuishia hapo na kusema, mmeona, mifano si uthibitisho. Ni kweli, lakini anamwacha mtoto na swali lililo wazi: kwa nini 3, 5 na 7 zikubali, 9 ikatae? Tafuta kinachoongezeka. Kwa kipeo cha 5, kutoka k kwenda k + 1, kinachoongezeka ni 5k⁴ + 10k³ + 10k² + 5k. Angalia namba zilizotangulia: 5, 10, 10, 5. Zote ni vigawe vya 5. Kwa kipeo cha 7 ni 7, 21, 35, 35, 21, 7, zote vigawe vya 7. Kwa kipeo cha 9 ni 9, 36, 84, 126, 126, 84, 36, 9. Simama kwenye 84. Tisa mara tisa ni 81, zinabaki tatu. Kapu limeongezwa maembe yasiyotoka mafungu ya tisa, na hapo ndipo ahadi ilipovunjika. 3, 5 na 7 ni namba tasa. 9 ni 3 × 3. Kwa namba tasa, namba zote hizo za katikati hugawanyika kwayo, na kwa hiyo n kwa kipeo cha namba tasa, ukiondoa n, hugawanyika kwa namba tasa hiyo siku zote. Huu ni msemo uliowahi kutolewa na Pierre de Fermat katika karne ya 17, na mwanafunzi wa Buyenzi anaweza kuufikia kwa kuuliza tu kapu limeongezewa nini.

Namba hizo, ukiziwekea 1 kila mwisho, yaani 1, 5, 10, 10, 5, 1, zinatoka kwenye pembetatu ambayo wasomaji wa Kifaransa wanaiita ya Pascal. Blaise Pascal aliiandikia kitabu kilichochapwa mwaka 1665, baada ya kufa kwake, na ndani yake ameeleza rekurensi kwa uwazi ambao hadi leo unaweza kuusoma darasani: kwanza onyesha mstari wa kwanza unatii, kisha onyesha kwamba mstari ukitii, unaofuata nao utatii. Lakini pembetatu na fikra hiyo vilikuwa na wenyewe kabla yake. Al-Karaji, aliyefanya kazi Baghdad mnamo mwaka 1000, alizijua namba za pembetatu hiyo, na alijenga hoja zake hatua kwa hatua, kutoka namba moja hadi jirani yake. Al-Samaw'al wa karne ya 12 akaiendeleza kazi yake. Francesco Maurolico wa Sicily alitumia hoja kama hizo katika kitabu cha mwaka 1575. Jina la induksheni ya kihisabati alilitia nguvu Mwingereza Augustus De Morgan mwaka 1838, na mwaka 1889 Mtaliano Giuseppe Peano akaiweka miongoni mwa misingi ya namba zenyewe.

Nirudi kidogo kwa n³ − n, kwa sababu kuna mtego ninaoupenda. Hiyo haigawanyiki kwa 3 tu, inagawanyika kwa 6. Kinachoongezeka ni 3k² + 3k, yaani 3k(k + 1). Wanafunzi huona ile 3, wanaandika “inagawanyika kwa 6” na kupita. Sita iko wapi? Iko kwenye k(k + 1). Namba mbili zinazofuatana, lazima moja ni shufwa na nyingine ni witiri, kwa hiyo zao lao lina 2 ndani yake. Kwa Waislamu wa Buyenzi sihitaji kueleza witiri ni nini. Sala ya witri huswaliwa kwa rakaa zisizogawanyika kwa mbili, na neno ni lile lile. Ninachotaka ni waandike sentensi hiyo moja. Uthibitisho mdogo umejificha ndani ya uthibitisho mkubwa, na anayeusahau amethibitisha nusu ya alichoulizwa.

Niliwahi kuulizwa na mzazi, mfanyabiashara, mambo haya yanamsaidia nini mtoto wake. Hakuuliza kwa dharau, alitaka kujua. Nilimwonyesha njia ya kukagua kuzidisha kwa kutumia 9. Tuseme umenunua vitu 347, kila kimoja faranga 26, ukapata 9022. Jumlisha tarakimu: 3 + 4 + 7 ni 14, na 1 + 4 ni 5. Kwa 26 unapata 8. Tano mara nane ni 40, ambayo inatoa 4. Sasa jibu: 9 + 0 + 2 + 2 ni 13, inatoa 4. Zimelingana. Wanahisabati walioandika kwa Kiarabu walikuwa wakiitumia njia hii zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, na waliita kipimo hicho mizani, neno ambalo kwetu liko dukani kila siku. Inafanya kazi kwa sababu 10ⁿ − 1 inagawanyika kwa 9, ile ile tuliyoithibitisha juu. Kila kumi, kila mia, kila elfu ina moja ya ziada juu ya mafungu ya tisa, na idadi ya hizo moja moja ndiyo tarakimu unayoijumlisha.

Lakini mizani hiyo ina upofu mmoja. Andika 9202 badala ya 9022. Jumla ya tarakimu ni ile ile, mizani inasema sawa, na wewe umekosea faranga 180. Kugeuza tarakimu mbili zilizo jirani ni kosa la kila siku la mkono wa binadamu, na 9 haiwezi kuliona kamwe, kwa sababu kosa la namna hiyo siku zote ni kigawe cha 9. Sifa ile ile inayoifanya mizani ifanye kazi ndiyo inayoipofusha.

Namba za akaunti za benki zimechagua mizani nyingine. Burundi imo kwenye orodha ya nchi zenye IBAN, ile namba ya akaunti ya kimataifa. Ya kwetu ina nafasi 27, inaanza na BI na kufuatiwa na tarakimu mbili za ukaguzi. Benki inapoipokea, inahamisha herufi na tarakimu nne za mwanzo kuzipeleka mwisho, inageuza B kuwa 11 na I kuwa 18, kisha inaigawa namba nzima kwa 97. Baki lazima liwe 1. Likiwa kitu kingine, namba imekosewa na pesa haziendi popote.

Namba hiyo ina tarakimu 29, na kikokotoo cha kawaida hakiibebi. Unaigawaje? Tarakimu moja moja, na hapa rekurensi inatoka daftarini na kukaa juu ya kaunta. Chukua namba fupi kwa mfano, 34682. Anza na 3. Ongeza tarakimu inayofuata: 34. Inayofuata: 346, toa 291 ambayo ni 97 mara tatu, zinabaki 55. Inayofuata ni 8: 558, toa 485, zinabaki 73. Ya mwisho ni 2: 732, toa 679, zinabaki 53. Baki la 34682 ukiigawa kwa 97 ni 53, na hukushika kamwe namba inayozidi tarakimu tatu. Kwa nini inaruhusiwa kutupa yale mafungu njiani? Ikiwa tarakimu za mwanzo zinaunda namba 97q + r, ukiongeza tarakimu d mwishoni mwake unapata 970q + 10r + d. Ile 970q ni mafungu kamili ya 97. Kinachobaki cha kuangalia ni 10r + d. Kapu la jana, na kilichoongezeka leo.

Na kwa nini 97? Ni namba tasa, na ndiyo kubwa kuliko zote zilizo chini ya mia. Kugeuza tarakimu mbili jirani kunabadilisha namba kwa 9 mara tofauti yao mara kipeo fulani cha 10. Tisa haina 97 ndani yake. Tofauti ya tarakimu mbili haizidi 9, nayo haina. Kipeo cha 10 hakina: mwanzo ni 1, isiyogawanyika kwa 97, na ikiwa 10ᵏ haigawanyiki, basi ukiizidisha kwa 10 haitagawanyika, maana namba tasa haiwezi kuingia kwenye zao bila kuwamo katika mojawapo ya namba zilizozidishwa. Kwa hiyo kosa la kugeuza linaonekana kila mara, bila ubaguzi. Mimi mwenyewe niliwahi kutuma pesa kwa simu, nikageuza tarakimu mbili, zikaenda kwa mtu nisiyemjua. Namba ya simu haina mizani ndani yake. Tangu siku hiyo naisoma 97 kwa heshima nyingine.

Nimeandika mengi juu ya kapu, na naujua udhaifu wake: si kila mara kinachoongezeka huonekana kwa urahisi. Kuna swali la zamani ambalo wanafunzi hulihofia: thibitisha kwamba 11ⁿ⁺² + 12²ⁿ⁺¹ inagawanyika kwa 133. Vipeo viwili, kila kimoja kina mwendo wake. Ukipiga hatua moja, cha kwanza kinazidishwa kwa 11 na cha pili kwa 144. Ukijaribu kutoa kapu la jana moja kwa moja unabaki na 10 × 11ᵏ⁺² + 143 × 12²ᵏ⁺¹, na hakuna 133 popote. Wengi huishia hapo, wanaandika “kwa hiyo”, wanachora kisanduku.

Wiki iliyopita nilimpa swali hilo yule mwanafunzi wa 7ᵏ − 1. Alikokotoa mwanzo kwanza, kwa n = 0, bila kuambiwa: 121 + 12 ni 133. Kisha akaandika 11 × 11ᵏ⁺² + 144 × 12²ᵏ⁺¹ na kunyamaza muda mrefu. Adhana ya magharibi ilipita, umeme ukakatika, tukawasha simu. Aliitazama 11, akaitazama 144, akaandika kando ya ukurasa kwa herufi ndogo: 144 = 11 + 133. Hakuniangalia. Chini yake akaandika 11(11ᵏ⁺² + 12²ᵏ⁺¹) + 133 × 12²ᵏ⁺¹, akapigia mstari mabano, akapigia mstari 133, na safari hii hakuchora kisanduku. Aliniuliza kama kuna namna ya kujua kabla, bila kukokotoa mwanzo, kwamba itakuwa 133 na si namba nyingine. Nilimwambia atoe 11 kwenye 144.